Kuandaa Ombi la Pamoja la Fedha za Utafiti wa Teknolojia ya Afya na Mafunzo ya Tiba: Mwongozo kwa Taasisi za Nyanda za Juu Kusini

Maombi mengi ya pamoja huanza vibaya, kwa barua pepe inayofika wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Chuo fulani cha nje kimeona wito wa maombi, kinahitaji mshirika kutoka Afrika, na kinaomba barua ya kuunga mkono iliyosainiwa na mkuu wa taasisi kabla ya Ijumaa. Andiko limekwisha kuandikwa, bajeti imekwisha kugawanywa, na nafasi iliyobaki kwa mshirika wa huku ni kutafuta wagonjwa na kukusanya sampuli. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahadhiri, madaktari, wauguzi na wahandisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaotaka kuwa mezani tangu andiko likiwa bado ni wazo.

Swali litoke wodini

Kabla ya kutafuta mfadhili, tafuteni swali ambalo ni la huku kweli. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho ili hoja zisielee hewani, nao ni upimaji na utoaji wa oksijeni kwenye vituo vya afya vya milimani.

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya wilaya ya Makete mkoani Njombe iko juu ya mita 2,000. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo kiwango cha oksijeni katika damu ya mtu mwenye afya njema huwa chini kidogo kuliko cha mtu aliyeko Dar es Salaam. Mashine za kuzalisha oksijeni nazo hupungukiwa nguvu kadiri zinavyopandishwa juu, na ndiyo maana watengenezaji huandika kwenye kijitabu cha mashine kikomo cha mwinuko ambao hawaudhamini zaidi yake. Kisha kuna suala la kipimo chenyewe cha kidoleni, kile kinachobanwa kwenye kidole ili kusoma oksijeni ya damu. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana na kipimo hicho kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Muuguzi wa Makete, mwenye mgonjwa mweusi kwenye mwinuko mkubwa na mashine iliyoundwa kwa ajili ya mahali pengine, anahitaji kujua aamini namba ipi, aanze oksijeni lini, na amwite nani mashine inaposimama.

Hilo ni swali la utafiti, la uhandisi na la mafunzo kwa wakati mmoja, na linaweza kujibiwa vizuri zaidi hapa kuliko mahali pengi duniani. Mtathmini wa maombi huliona hilo mara moja. Linganisheni na andiko linaloanza kwa kusema kwamba Afrika ina mzigo mkubwa wa magonjwa na uhaba wa wataalamu. Takwimu za kitaifa zina nafasi yake: utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 uliiweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Lakini takwimu hiyo mfadhili amekwisha kuisoma kwenye maombi mengi kabla ya lenu. Inamwambia ugonjwa uko wapi, na haimwambii ninyi mtafanya nini.

Kuwapata washirika, kuanzia walio jirani

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kukimbilia Ulaya kabla ya kuvuka barabara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi. Kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Mbeya inafundisha madaktari. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina wagonjwa na mabingwa, na kituo cha Mbeya cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kina uzoefu wa kuendesha majaribio ya tiba na chanjo kwa viwango vya kimataifa, uzoefu ambao chimbuko lake ni ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich tangu miaka ya 1990. Kwa mfano wetu, hospitali ya mkoa ya Iringa au hospitali za misheni kama Ikonda na Ilembula zingeleta kile ambacho Mbeya mjini haina, yaani mazingira halisi ya mlimani na vijijini. Kundi la nyumbani likikaa pamoja kwanza, likienda kwa mshirika wa nje linakwenda na hoja, na halisubiri kupangiwa kazi.

Someni kanuni za kila mfadhili kabla ya kuhesabu washirika. Horizon Europe, mpango mkuu wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida unataka angalau taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti za Umoja huo au zilizojiunga na mpango, angalau moja ikiwa ya nchi mwanachama; taasisi za Afrika huongezwa juu ya hizo. Mpango wa EDCTP, ulioanza mwaka 2003 kwa ajili ya majaribio ya tiba barani Afrika na sasa uko katika awamu ya tatu, umejengwa juu ya ushirikiano wa nchi za Ulaya na za Afrika. Nchini kwetu, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, na hata fungu dogo kutoka humo lina thamani kubwa, kwa sababu linaipatia timu matokeo ya awali ambayo mfadhili mkubwa atayadai.

Upande wa Marekani, Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zina kituo cha Fogarty kilichofadhili mafunzo ya watafiti wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha pia mpango wa MEPI wa kuimarisha vyuo vya tiba, na hospitali na chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi kilikuwa miongoni mwa walionufaika. Jambo la pekee katika mpango ule ni kwamba fedha zilikwenda moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika. Hata hivyo, Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tuzo zenye mafungu yanayopitishwa kwa taasisi za nje ya Marekani hadi utaratibu mpya uwekwe. Miradi mingi ilitegemea mafungu ya namna hiyo. Pangeni vyanzo viwili au vitatu tangu mwanzo, na someni matangazo mapya ya mfadhili kila mara kabla ya kuandika.

Makubaliano kabla ya andiko

Hapa ndipo naomba msomaji atulie, kwa kuwa hatua hii hurukwa kuliko nyingine zote, nayo ndiyo inayoamua kitakachobaki Mbeya mradi utakapokwisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki mradi ambao mshirika wake wa nje, nisiyemtaja, aliandika kwenye ombi kwamba mashine zitakazonunuliwa ni za mradi. Hakuna aliyeuliza mradi ni nani. Ulipofungwa, mashine mbili zilipakiwa na kuondoka, na zilizobaki hazikuwa na mkataba wa matengenezo wala vipuri, kwa hiyo zikageuka makabati ya kuwekea mafaili. Vijana tuliowafundisha kuzitumia walibaki na vyeti tu. Tangu hapo sijasaini ombi lolote kabla ya hati ya makubaliano, hata iwe ya kurasa mbili.

Hati hiyo iseme wazi nani ni mtafiti mkuu upande wa Tanzania, na kama mamlaka yake yanafika kwenye bajeti au yanaishia kwenye kazi za uwandani. Iseme fedha zinaingia kwenye akaunti ya taasisi ipi na kwa awamu zipi, maana mshirika anayelipwa baada ya kutumia lazima awe na fedha za kutangulia, na vyuo vyetu vingi havina. Iseme kwamba vifaa vitasajiliwa kuwa mali ya hospitali au chuo kitakachovitumia, na nani atavihudumia baada ya mwaka wa mwisho. Iseme takwimu zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusu zitumike tena, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sampuli zikitoka nje ya nchi, kuwe na makubaliano rasmi ya uhamishaji, na andiko lieleze kwa nini kipimo hicho hakiwezi kufanyika hapa. Kama kinaweza kufanyika hapa kwa kuongeza kifaa kimoja na kumfundisha mtaalamu mmoja wa maabara, basi kifaa hicho na mafunzo hayo viingie kwenye bajeti. Mwisho, kubalianeni kuhusu majina kwenye machapisho mapema, wakati bado mnapendana.

Bajeti

Gharama za uendeshaji wa taasisi zinatofautiana sana kati ya wafadhili. NIH huzipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8, wakati Horizon Europe hutoa kiwango kimoja cha asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja. Kwa gharama za shilingi milioni 500, kabla ya kuondoa vipengele visivyohesabiwa, hiyo ni tofauti kati ya milioni 40 na milioni 125. Fedha hizo ndizo zinazomlipa mhasibu, zinazowasha umeme na kuendesha ofisi ya utafiti. Mshirika wa nje akijaribu kuzibakiza zote kwake, muulizeni kwa heshima ni kanuni ipi inayomruhusu.

Mengine husahaulika kwa sababu yanaonekana madogo: vipuri, stebilaiza za umeme, ada za vibali, gari linaloweza kupanda Makete wakati wa masika, na posho ya fundi wa vifaa tiba. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo ratiba ya mradi iupe ununuzi muda wake; msiandike kwamba utafiti utaanza mwezi wa pili kwa mashine ambazo hazijatangaziwa zabuni.

Mafunzo yasiwe semina za hotelini

Wafadhili wengi hupenda neno mafunzo, na waombaji wengi hulijibu kwa semina za siku tatu. Andikeni badala yake mafunzo yanayoacha kitu: wanafunzi wawili wa uzamili na mmoja wa uzamivu ambao maswali yao ni sehemu za swali kuu, fundi vifaa tiba anayefundishwa kutengeneza mashine hizohizo za mradi, na moduli ya kudumu kwenye mtaala. Programu za shahada hupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na za ngazi ya kati hupitia baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kwa hiyo wahusisheni wenye mitaala mapema. Daktari mgeni atakayemgusa mgonjwa wakati wa kufundisha anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Usajili na vibali

Hili halina ufundi mwingi, lakini limeua maombi mazuri. Taasisi inayoomba NIH lazima iwe na UEI, namba ya kuitambulisha taasisi kutoka mfumo wa usajili wa serikali ya Marekani uitwao SAM, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022, na usajili wote unaweza kuchukua wiki sita au zaidi. Ulaya inadai namba yake ya kuitambulisha taasisi, PIC. Zitafuteni leo, hata kama hakuna wito uliofunguliwa.

Baada ya kupata fedha kuna kibali cha maadili cha kamati ya Mbeya na cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, kibali cha COSTECH kwa watafiti wa kigeni, na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, endapo ni jaribio la dawa au kifaa tiba. Zifuate barua za utambulisho kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi wa halmashauri na mganga mkuu wa wilaya. Mganga mfawidhi wa kituo asisahaulike, maana ndiye atakayewapokea kila siku. Tengeni miezi mitano au sita kwenye ratiba.

Maombi ya Ulaya hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, ambayo kwetu ni saa moja usiku wakati wao wa baridi na saa kumi na mbili jioni wakati wao wa joto. Pakieni toleo kamili siku mbili kabla. Mfumo unaruhusu kulibadilisha hadi dakika ya mwisho na kuhesabu toleo la mwisho tu, hivyo umeme ukikatika Mbeya jioni hiyo, ombi lenu litakuwa limekwisha kufika.