Ajaili kwa vitendo: jinsi ya kuendesha sprinti yenu ya kwanza

Februari 2001 watu 17 wa fani ya programu walikutana Snowbird, jimboni Utah nchini Marekani, wakatoka na tamko la ajaili, yaani kutengeneza programu kwa vipande vidogo na kujirekebisha njiani. Tamko lina tunu 4, na liliambatanishwa na kanuni 12. Ukizipitia kanuni hizo zote hutakuta ubao wa vibandiko, wala pointi, wala kikao cha kusimama kila asubuhi. Utakachokuta ni kwamba mtumiaji apewe programu inayofanya kazi mapema na mara kwa mara, asikilizwe, kisha timu ijirekebishe. Mengine ni zana tu. Timu nyingi huanzia kwenye zana, zikafanya vikao vyote barabara, na baada ya miezi mitatu hakuna hata kitu kimoja kilichomfikia mtumiaji. Ndiyo maana mwongozo huu umeshikilia neno moja: kumaliza.

Sprinti ni kipindi kifupi cha urefu usiobadilika ambamo timu inamaliza kazi ilizochagua. Tutatumia ya wiki mbili, yaani siku 10 za kazi, kwa skramu, utaratibu wa ajaili unaokwenda kwa sprinti, pamoja na ubao wenye ukomo wa kazi zilizo wazi kwa wakati mmoja, unaotoka kwenye kanbani, utaratibu wa kufuatilia kazi kwa ubao. Wiki moja ni fupi kwa timu ambayo bado haijazoea kukata kazi. Mwezi, ambao ndio urefu wa juu kabisa katika skramu, ni mrefu kwa wanaojifunza: kosa la siku ya tatu mtakuja kulijadili wiki tatu baadaye, wakati hakuna anayelikumbuka.

Nani awe ndani

Timu isizidi watu 10. Watu 5 wana njia 10 za mawasiliano kati ya mtu na mtu. Watu 10 wana 45. Mkiwa wengi zaidi gawanyikeni, lakini mgawanyike kwa sehemu za bidhaa, si kwa fani. Timu ya watu wa seva na timu ya watu wa skrini zitakaa zikisubiriana kila wiki. Anayejaribu programu naye awe ndani ya timu, la sivyo kazi zenu zitaishia kwenye foleni ya watu wengine.

Mtu mmoja awe mmiliki wa bidhaa, ndiye anayeamua kipi kianze na kipi kingoje. Mmoja, si kamati, na awe na mamlaka ya kusema hapana bila kwenda kuomba ruhusa kwanza. Mwingine awe skramu masta: analinda utaratibu na kuondoa vikwazo, lakini si bosi wa timu wala karani wa ubao. Katika timu ndogo msanidi, yaani mwandishi wa programu, anaweza kuibeba nafasi hiyo. Mmiliki wa bidhaa asipewe, kwa sababu siku ya presha ataacha utaratibu akimbize kazi.

Kukata kazi

Hapa ndipo sprinti nyingi hufia, na hufia kabla hazijaanza. Chukua mfano wa mtumiaji aliyesahau nenosiri. Timu changa huandika kadi tatu, kila kadi ikiwa kazi moja ya kuwekwa ubaoni: tengeneza jedwali kwenye hifadhidata, andika msimbo wa seva, chora skrini. Kila kadi inaweza kufika mwisho na bado mtumiaji asiweze kuingia. Kibaya zaidi, hitilafu za pale sehemu tatu zinapokutana zitajitokeza siku ya tisa.

Kateni kwa namna ambayo kila kipande kinapita tangu skrini hadi hifadhidata. Kipande cha kwanza: mtumiaji mwenye barua pepe iliyosajiliwa anapokea kiungo na kubadilisha nenosiri. Cha pili: kiungo kinakufa baada ya dakika 30 au kikishatumika mara moja. Cha tatu: anayeomba mara nyingi mfululizo anazuiwa kwa muda. Cha kwanza kikikamilika kinaweza kuonyeshwa na kutumiwa kwenye seva ya majaribio, isiyo ile ya watumiaji halisi, hata kama vingine havijaguswa. Hewani, kwa watumiaji halisi, bila shaka, kisiende kabla ya hivyo viwili, kwa ajili ya usalama.

Kila kadi iandikwe mambo matatu: nani ananufaika, anataka kufanya nini, na tutajuaje kuwa imefanikiwa. Hilo la tatu liandikwe kwa namna inayoweza kupimwa. "Mfumo uwe salama" si kigezo. "Anayeandika barua pepe isiyosajiliwa aone ujumbe uleule anaouona aliyesajiliwa" ni kigezo, na kinamnyima mdukuzi nafasi ya kubaini nani ana akaunti.

Ukubwa unaofaa ni kazi ya siku moja hadi tatu kwa mtu mmoja au wawili. Ikizidi hapo, ikateni tena: kwa hatua za mtumiaji, kwa aina ya data, au kwa kuanza na njia nyoofu na kuacha hali za pembeni zije baadaye. Orodha yote ipangwe kwa namba, na namba moja iwe na kadi moja tu. Mmiliki wa bidhaa akikuletea kadi tano akasema zote ni za kwanza, hajapanga bado. Mrudishie.

Imekwisha maana yake nini

Kubalianeni kabla ya kuanza, kwa maandishi, mahali ambapo kila mtu anapaona. Kwa kuanzia inatosha hivi: msimbo umekaguliwa na mtu mwingine, majaribio ya kiotomatiki yameandikwa na yote yanapita, umeunganishwa kwenye tawi kuu (nakala kuu ya msimbo inayotumiwa na timu nzima), upo kwenye seva ya majaribio, na mtu asiyeuandika ameujaribu kwa vigezo vya kadi. Bila makubaliano haya mtasikia kila siku kwamba kazi imefika asilimia 90, na asilimia 10 iliyobaki itakula wiki nzima.

Kukadiria na kupanga

Pointi ni namba za kulinganisha ukubwa wa kadi. Tumieni 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Namba zinaachana kadiri zinavyopanda kwa sababu kazi ikiwa kubwa, makisio yake nayo huwa hafifu. Someni kadi, kila mtu achague namba kimya, kisha zionyeshwe zote kwa mpigo. Msipofanya hivyo, wote watamfuata mwenye uzoefu mkubwa aliyetangulia kusema. Mmoja akitoa 2 na mwingine 8, hao wawili ndio waeleze; mara nyingi mmoja anajua hatari ambayo wengine hawajaiona, na mjadala huo una faida kuliko namba yenyewe. Iliyopata 13 ikatwe. Na msigeuze pointi kuwa saa, wala msiruhusu mtu alinganishe timu mbili kwa pointi. Siku pointi zikiwa kipimo cha kumpongeza au kumkaripia mtu, zitapanda zenyewe bila kazi kuongezeka.

Sasa hesabu ya muda mlio nao kweli. Watu 5 kwa siku 10 ni siku 50. Mmoja ana likizo ya siku 2: zimebaki 48. Vikao vya sprinti ya wiki mbili vikifika ukomo wake (upangaji saa 4, mapitio ya kuonyesha kilichokamilika saa 2, kujitathmini kwa timu saa 1 na nusu, kikao cha kila siku dakika 15 mara 10) ni saa 10 kwa kila mtu, jumla kama siku 6: zimebaki 42. Tengeni asilimia 20 kwa hitilafu na maombi ya ghafla: zimebaki kama 34. Pangeni kwa 34, si 50. Sprinti ya kwanza haina historia ya kuegemea, kwa hiyo chukueni kidogo kuliko mnavyotamani. Kuanzia ya nne tumieni wastani wa pointi zilizokamilika katika tatu zilizopita.

Upangaji uishe mkiwa na lengo la sprinti lenye sentensi moja. "Mtumiaji anaweza kurejesha akaunti yake bila kupiga simu" ni lengo. Orodha ya kadi 14 zisizohusiana si lengo.

Ubao wenye ukomo

Safu tano zinatosha: inasubiri, inafanywa, inakaguliwa, inajaribiwa, imekwisha. Kwa watu 5, safu ya inafanywa isizidi kadi 3, ya ukaguzi 2, ya majaribio 2. Ndiyo, kadi 3 kwa watu 5 inamaanisha wengine watafanya kazi wawili wawili au watakuwa wanakagua. Mshika mbili moja humponyoka, na timu nayo ni hivyohivyo.

Sababu yake inapimika. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inasema wastani wa muda wa kazi ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo ukigawa kwa kasi ya kuzimaliza. Mkiwa na kazi 12 wazi na mnamaliza moja kwa siku, kila moja itachukua wastani wa siku 12, na sprinti yenu ina siku 10. Mkiwa na 5 wazi kwa kasi ileile, ni siku 5.

Safu ikijaa, usivute kadi mpya. Nenda kakague, kajaribu, kamsaidie aliyekwama. Watu hukwepa ukomo kwa kufungua safu ya sita, "imesimama", na hiyo hugeuka ghala. Kadi iliyokwama ibaki mahali pake, iwekwe alama nyekundu yenye sababu na tarehe.

Siku kwa siku

Kikao cha kila siku ni dakika 15, saa ileile, mbele ya ubao. Anzieni kulia: kadi iliyo karibu kuisha inahitaji nini ili iishe leo? Yale maswali matatu ya jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nina kikwazo gani, yaliondolewa kwenye mwongozo rasmi wa skramu toleo la 2020, na yalizoeleka kuzaa ripoti ambazo kila mtu anamsomea bosi. Tatizo likihitaji mjadala, wanaohusika wabaki baadaye, wengine waondoke.

Unganisheni msimbo kwenye tawi kuu kila siku. Tawi la pembeni, yaani nakala ya muda ya kufanyia kadi moja, lililoishi zaidi ya siku mbili ni dalili kuwa kadi haikukatwa vizuri. Mabadiliko ya mistari 200 hivi hukaguliwa kwa makini. Ya mistari 2,000 hupata neno "sawa" na hakuna aliyeyasoma.

Likija ombi la dharura katikati, mmiliki wa bidhaa aamue: likiingia, kadi ya ukubwa uleule itoke, na itoke hadharani.

Mapitio na kujitathmini

Kwenye mapitio onyesheni programu yenyewe kutoka kwenye seva ya majaribio, si slaidi wala kompyuta ya msanidi. Mpeni mtumiaji kipanya, mnyamaze, mtazame anapokwama. Kadi isiyokamilika haionyeshwi, inapata pointi 0, na inarudi kwenye orodha kupangwa upya. Mkianza kugawa nusu pointi, kasi yenu, yaani pointi mnazokamilisha kwa sprinti, haitakuwa na maana tena.

Kujitathmini kuzae badiliko moja, mawili yakizidi sana, lenye mtu wa kulisimamia, na liingie kwenye sprinti inayofuata kama kadi nyingine yoyote. Orodha ya malalamiko 10 huwa haifanyiwi kazi. Meneja anayepanga mishahara asikae kikaoni, maana hakuna atakayesema ukweli.

Baada ya sprinti tatu au nne, mkishaulizwa "kazi kama hii itachukua muda gani?", msikisie. Chukueni kadi 20 za mwisho zilizokamilika, hesabuni kila moja ilichukua siku ngapi tangu kuanza hadi kwisha, zipangeni kutoka fupi hadi ndefu, kisha tazameni ya 17. Ikiwa ni siku 6, kadi 17 kati ya 20 ziliisha ndani ya siku 6. Toeni jibu hilo, na mseme pia kwamba 3 zilipitiliza.