Mbwa anapata shida kuamka, kutembea au kupanda ngazi: fanya hivi nyumbani, hatua kwa hatua

Watu wengi wananiletea mbwa hali ikiwa imeshafika mbali, na ukiwauliza kwanini wamechelewa jibu ni lile lile, mbwa hakuwa analia. Sasa mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu kwenye viungo karibu hatoi sauti kabisa. Anabadilisha maisha yake kimya kimya, anaacha kurukia kochi, mkitembea anabaki nyuma, analamba sehemu moja ya mguu mpaka manyoya yanabadilika rangi, ukimgusa kiunoni anageuka na kukuangalia vibaya, na nyumbani wanasema tu amezeeka. Uzee sio ugonjwa jamani. Kama anaamka kwa shida kuna kitu kinamuuma au kuna kitu kimelegea, na kingi kati ya hivyo unaweza kumpunguzia.

Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba ya mbwa, nafanya pamoja na madaktari wa mifugo. Haya nayoandika ni ya kufanya pamoja na matibabu ya daktari, sio ya kumkwepa daktari.

Hatua ya 1: mrekodi akitembea

Chukua simu, ishushe mpaka usawa wa mwili wa mbwa, mtu mwingine amtembeze polepole kwa mkanda uliolegea kwenye sehemu tambarare. Rekodi akija kwako, akienda, na akipita pembeni, alafu iangalie video kwa mwendo wa taratibu. Usimkimbize, mbio zinaficha mambo mengi.

Angalia kichwa kwanza. Kama mguu wa mbele unauma, kichwa kinapanda pale mguu unaouma unapokanyaga chini na kinashuka ule mzima unapokanyaga, watu wengi wanaelewa kinyume na kumkanda mguu usio na shida. Ukiwa ni mguu wa nyuma angalia nyonga, ya upande unaouma mara nyingi inapanda juu zaidi kuliko mwenzake. Wengine wanarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, hiyo sana inakua nyonga. Akikaa, goti moja linatupwa nje badala ya kukunjwa vizuri chini ya mwili, mcheki goti hilo.

Alafu simama nyuma yake, shika mapaja yote mawili kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Lenye nyama kidogo ndo la mguu anaouonea huruma, na tofauti hiyo vidole vinaigundua mapema kabla macho hayajaiona. Malizia na kucha za nyuma, zikiwa zimesagika upande wa juu maana yake anaburuza vidole.

Hatua ya 2: pata jina la tatizo

Bila kujua tatizo ni lipi utakua unabahatisha, kwa hiyo video hizo mpelekee daktari, kwa sababu mbwa wengi wakifika kliniki wanatembea vizuri ghafla kwa woga na msisimko. Matatizo nayoyaona sana ni haya. Kuna kusagika kwa viungo, yaani gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) linalika, mbwa anaamka amekakamaa lakini akitembea kidogo anachangamka. Kuna nyonga isiyokaa vizuri kwenye tundu lake, sana sana German Shepherd, Labrador, Golden Retriever na Rottweiler, na hii inaweza kuonekana hata kwa mtoto wa miezi michache. Mbwa wadogo kama Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier kifuniko cha goti kinachoropoka, unamuona anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu alafu anaendelea na safari kama hakuna kilichotokea.

Ligamenti ya goti, ile kamba inayoshikilia mifupa ya goti pamoja, nayo ni stori ndefu. Kwa binadamu inakatika kwenye ajali ya mchezo, kwa mbwa mara nyingi inachakaa taratibu alafu siku moja anageuka tu uani inaachia, na wengi wanaokatika upande mmoja baadae upande wa pili unafuata, kwa hiyo ule mguu mzima nao unahitaji kulindwa. Dachshund na wenzake wenye migongo mirefu na miguu mifupi shida yao ni diski za uti wa mgongo, vile vimito vilivyo kati ya pingili. German Shepherd na Boxer wa umri mkubwa wanaweza kupata ugonjwa wa neva za uti wa mgongo unaowalegeza taratibu kuanzia nyuma, huo wenyewe hauumi, na hauna tiba ya kuuondoa, ila mazoezi yanasaidia wasipoteze nguvu haraka.

Hapa nisimame kidogo. Mbwa akishindwa kuamka ghafla, akiburuza miguu ya nyuma, wayo ukipinduka na yeye hausahihishi, au hawezi kukojoa, usimkande, usimfanyishe zoezi, usisubiri kesho. Mlaze kwenye ubao au kitu chochote kilichonyooka na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, kwenye mgandamizo wa uti wa mgongo masaa ndo yanaamua kama atatembea tena.

Na tafadhali sana, dawa za maumivu za binadamu usimpe. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa, parasetamoli inaumiza ini na damu. Kama daktari ameshampa dawa ya kupunguza uvimbe usimuongezee nyingine ya aina hiyo wala steroidi juu yake.

Hatua ya 3: punguza uzito kabla hujanunua kitu chochote

Hii ndo hatua watu wanairuka wakakimbilia mafuta na vidonge, na ndo yenye nguvu kuliko zote. Kuna utafiti ulifanyika Marekani kwa Labrador 48, matokeo yakatoka mwaka 2002: nusu yao walilishwa robo pungufu ya wenzao kwa maisha yao yote. Waliokula kidogo, umri wao wa kati ulikua miaka 13, wenzao 11.2, na kusagika kwa viungo kuliwachelewa sana. Ni chakula tu. Utafiti mwingine kwa mbwa wanene wenye viungo vibovu uliona kwamba wakipungua karibu asilimia 6 ya uzito, kuchechemea kunapungua. Kwa mbwa wa kilo 30 hiyo haifiki hata kilo 2.

Kumpima ni rahisi. Kunja ngumi alafu papasa vifundo vya vidole vyako, mbavu zake zikiwa hivyo amekonda mno. Kunjua mkono, papasa mgongo wa kiganja, hivyo ndo mbavu zinatakiwa ziwe, unazihisi bila kukandamiza. Ukihisi zile nyama za ndani ya kiganja badala ya mbavu, huyo ni mnene.

Chakula kipime kwa mizani, sio kwa kikombe, maana kikombe kila mtu nyumbani anakijaza kwa mkono wake. Vile vya kumzawadia visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku na uvitoe humo humo kwenye kipimo. Lengo ni kupungua asilimia 1 mpaka 2 ya uzito kwa wiki, mpime kila baada ya wiki mbili. Na kaeni kikao nyumbani, kwa sababu siku zote kuna mmoja anampa chini ya meza.

Hatua ya 4: rekebisha sakafu

Tazama mbwa mwenye nyonga mbovu anavyosimama kwenye tailizi: miguu inamponyoka kwenda nje, anakaza misuli yote ya mapaja na mgongo ili asianguke, na hilo linajirudia kila akiamka. Weka mazulia au mikeka isiyoteleza kwenye njia zake, kutoka anapolala mpaka kwenye maji, chakula na mlango. Kata kucha, punguza manyoya yaliyoota katikati ya vidole. Godoro liwe nene kiasi kwamba ukibonyeza kwa ngumi hugusi chini. Ngazi ziba, gari wekea ubao wa kupandia wenye uso usioteleza. Soksi za kawaida usimvalishe, zinateleza kuliko hata wayo wenyewe.

Hatua ya 5: matembezi mafupi, kila siku

Acha ule utaratibu wa siku tano amelala alafu wikiendi masaa mawili. Anza na dakika 10 mpaka 15 mara tatu kwa siku, kwa mkanda, mwendo wa taratibu kiasi kwamba analazimika kukanyaga miguu yote minne. Kurushiana mpira weka pembeni, ile kukimbia alafu kufunga breki na kugeuka ndo inaua magoti. Kipimo chako ni asubuhi inayofuata: akiamka amekakamaa kuliko kawaida, jana ulizidisha, punguza muda nusu kwa siku chache. Ila kumfungia moja kwa moja ndani bila daktari kusema hivyo ni kosa pia, misuli inaisha na kiungo kinabaki hakina wa kukishika.

Hatua ya 6: joto na kukanda

Kiungo cha zamani kilichokakamaa kinapenda joto. Chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, liweke kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, ukiweza kuvumilia bila kukunja uso ndo umuwekee, dakika 10 hadi 15. Kama ameumia leo au kiungo kimevimba na kina joto chenyewe, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, muda huo huo au chini yake, sio joto.

Baada ya joto mkande. Alale kwa ubavu, wewe uwe umetulia, mbwa anajua ukiwa na haraka. Anza na kiganja chote, upapase kutoka shingoni kushuka mpaka kwenye paja, taratibu, mizunguko kadhaa. Alafu ingia kwenye misuli minene ya paja na bega, ikande kwa kubana na kuachia, pasiguswe juu ya mfupa, uti wa mgongo wala kiungo kilichovimba. Ukikuta fundo gumu weka kidole gumba juu yake, bonyeza kidogo, subiri, usisugue. Akishusha pumzi ndefu na kuachia kichwa unaenda vizuri. Akilamba midomo, akigeuza kichwa kukuangalia au ngozi ikitetemeka, punguza nguvu au uache. Jeraha, homa, au uvimbe usioujua, hapo usikande.

Hatua ya 7: zoezi moja la kuanzia

Kama ingebidi nichague moja tu lingekua kukaa na kusimama. Muweke kwenye zulia, ubavu mmoja karibu na ukuta ili asitupe goti nje. Mwambie akae, chakula kidogo kiwe mbele ya pua yake, alafu kivute mbele na juu kidogo asimame bila kusogeza miguu ya mbele. Mara 5, mapumziko, mara 5 tena. Akianza kukaa kwa kuegemea upande mmoja ameshachoka, hapo unaacha hata kama hamjamaliza. Akilizoea mnaweza kuongeza fimbo zilizolazwa chini avuke moja moja, na kutembea kwa kuzunguka umbo la namba 8. Kama amefanyiwa upasuaji usianze bila ruhusa.

Hatua ya 8: mafuta, sindano, maji

Mafuta ya samaki yenye omega 3 ndo nyongeza nayoiamini zaidi, ushahidi wake ni mzuri. Kipimo aseme daktari, yakizidi anaharisha, na yasiwe mafuta ya ini la samaki maana vitamini A na D zitamzidi. Glukosamini ushahidi wake ni dhaifu, haina madhara makubwa, mpe miezi miwili ukitaka, usipoona kitu acha, hela hiyo nunulia mazulia. Akupancha (kuchomwa sindano nyembamba) na leza (tiba ya mwanga) nimeona zikiwapa wengine nafuu, zifanywe na daktari aliyesomea. Kuvunjwa vunjwa mgongo kwa mbwa mwenye shida ya diski, hapana kabisa.

Mashine ya kutembelea ndani ya maji ni nzuri sana ukiipata. Maji yakifika usawa wa nyonga, miguu inabeba chini ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo anajenga misuli bila kuumia.

Baada ya wiki nne rekodi tena, sehemu ile ile, saa ile ile, uziweke video mbili pamoja. Kama hakuna mabadiliko rudi kwa daktari akague upya dawa ya maumivu, kwa sababu mbwa anaeumwa hawezi kufanya zoezi lolote vizuri. Na kama nyuma imeshalegea kabisa, kuna kigari cha magurudumu: apimwe akiwa amesimama, aanze dakika chache kwa siku, na usimuache peke yake akiwa ndani yake maana wengi hawawezi kulala wala kutoka wenyewe.