Kabla Hujaipinga Fidia Ndogo ya Bima ya Nyumba

Barua ya bima ilinifikia wiki ya saba tangu upepo wa masika ung'oe bati za upande wa sebuleni, nyumbani kwangu Boko, Dar es Salaam. Shilingi 7,900,000. Fundi alikuwa ameniandikia 21,400,000. Nikafanya wanachofanya wengi: nikampigia wakala, nikafoka, nikamwambia nyie ni wezi, nikakata simu. Kufoka kule hakukuniongezea hata mia. Nyongeza ilikuja baadaye, ikaja kwa karatasi, na nusu ya karatasi hizo zilikuwa kwenye droo yangu tangu mwanzo.

Kabla ya lolote, usisaini. Barua ya namna hii huja na hati ya kukubali malipo, na humo ndani kuna maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukishatia saini hapo, kuja kusema hela ilikuwa ndogo ni kazi ngumu sana, hata kama haki iko upande wako. Najua nyumba isiyo na paa inavyobana. Ukibanwa, andika barua uombe walipe sehemu isiyo na ubishi kama malipo ya awali, na iandikwe wazi kwamba kilichobaki bado kinajadiliwa. Wanaweza kukataa, lakini kuomba hakukuharibii kitu. Na ile barua yao, iandike juu tarehe uliyoipokea.

Kisha omba mchanganuo. Namba moja tupu haipingiki, maana hujui imezaliwaje. Omba ripoti ya mkadiria hasara, yule aliyekuja na tepu na kupiga picha. Mimi niliambiwa ripoti ni mali ya kampuni. "Mama, hizi ni taratibu zetu za ndani," kijana wa kitengo cha madai akanijibu kwa upole. Nikaandika tena: sawa, ripoti bakini nayo, nipeni hesabu. Ikaja karatasi moja. Gharama za matengenezo, 13,000,000. Toa uchakavu 1,800,000, inabaki 11,200,000. Nyumba imekatiwa bima pungufu, milioni 90 kwa thamani ya milioni 120, kwa hiyo tunalipa asilimia 75: 8,400,000. Toa ekses 500,000, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Ndiyo hiyo 7,900,000.

Ukiitazama karatasi ile utaona kumbe ugomvi si mmoja. Kuna ugomvi wa kazi iliyohesabiwa na iliyoachwa, kuna wa uchakavu, kuna wa bima pungufu. Ekses haina ugomvi, imeandikwa kwenye mkataba na ulishaikubali. Kila mmoja una ushahidi wake, na anayevichanganya vyote katika barua moja ya malalamiko hujibiwa kwa aya moja ya pole.

Nianze na bima pungufu, maana ndiyo inayomeza hela nyingi na ndiyo wengi wetu hatuielewi. Kanuni yenyewe ni hii: ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya nyumba, basi hasara nayo unalipwa sehemu hiyohiyo, hata kama hasara ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 200 ukiikatia milioni 120 ili kupunguza ada, siku jiko likiungua kwa hasara ya milioni 50 utalipwa milioni 30. Ukipiga kelele kwamba milioni 50 iko ndani ya milioni 120, hawatakusikiliza, na kwa kanuni hiyo wako sahihi. Kwa hiyo kabla hujapinga, jiulize kwa ukweli: kuijenga nyumba hii leo, kwa bei ya leo ya saruji na nondo, ingegharimu kiasi gani? Kama miaka kumi iliyopita uliandika milioni 60 na hujawahi kuigusa namba hiyo tangu hapo, huenda fidia unayoiona ndogo ni ya huruma, na ukilichokonoa dai litapimwa upya na kushuka zaidi.

Kwangu kosa lilikuwa la kwao. Ile milioni 120 waliitoa kwenye ripoti ya mthamini ambayo benki iliidai nilipochukua mkopo. Nikaifungua droo, nikaisoma ripoti ile kwa mara ya kwanza tangu nilipoilipia. Ukurasa wa nne: kiwanja, milioni 30, jengo, milioni 90. Walikuwa wameninyima robo ya fidia kwa sababu sikukatia bima ardhi! Kiwanja hakiezuliwi na upepo wala hakiungui. Kinachokatiwa bima ni jengo, na jengo langu nilikuwa nimelikatia milioni 90 kamili. Dar es Salaam, ambako kiwanja kinaweza kuwa na bei kuliko nyumba iliyo juu yake, kosa hili ni jepesi kutokea, kwa hiyo angalia namba yao ya thamani imetoka wapi. Aya tatu na nakala ya ukurasa wa nne zilitosha kuondoa kipengele kile chote.

Uchakavu unategemea mkataba unasemaje. Kuna mikataba inayolipa gharama ya kurudisha kitu kipya, na kuna inayolipa thamani ya kitu siku kilipoharibika, pamoja na uzee wake. Tafuta sentensi hiyo kabla ya kufungua mdomo. Wangu ulikuwa wa aina ya pili, kwa hiyo kusema uchakavu ufutwe wote ingekuwa kujidanganya. Ila walikuwa wamezihesabu bati kama za umri wa nyumba, miaka kumi na moja, wakati nilibadilisha bati zote miaka mitatu kabla ya upepo ule. Risiti ya EFD ilikuwepo, imeanza kufifia kama zinavyofifia zote, lakini tarehe ilisomeka. Risiti ya namna hiyo itoe fotokopi au ipige picha siku ileile unaponunua. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa kazi iliyoachwa. Hapa ndipo makadirio ya fundi wangu yalipoanguka, na nilistahili. Fundi alikuwa ameandika mistari mitano, mmojawapo ukisema "matengenezo ya ndani kwa ujumla 9,000,000". Hakuna ofisi ya bima itakayolipa "kwa ujumla". Aidha, tulikuwa tumeingiza ukuta wa fensi uliolala upande wa barabarani, na fensi haikuwemo kabisa kwenye mkataba wangu. Na dari nilitaka ya jipsamu yenye ngazi na taa za kufichwa ilhali iliyoanguka ilikuwa ya kawaida. Bima inakurudisha ulipokuwa, haikupandishi daraja. Vitu viwili kama hivyo kwenye orodha vinamfanya msomaji wa upande wa pili aanze kushuku hata vile vya haki.

Nikamlipa mkadiriaji majenzi, yule mtaalamu wa kupima kazi ya ujenzi na kuipigia bei. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, maana mhuri wake ndio utakaojibu mhuri wa mkadiria hasara wao. Alikuja, akapanda darini, akaandika chumba kwa chumba: mita za mraba za dari, mita za waya, idadi ya swichi, ndoo za rangi, siku za kazi. Ndipo tukaona waliyoyaruka. Chumba cha watoto, ambako dari ilikuwa imelowa na kuvimba bila kuanguka, hakikuhesabiwa. Waya uliopita darini nao haukuhesabiwa. Vyote viwili, 2,450,000. Ukiweza, omba mkadiria wao arudi, na siku hiyo wa kwako awepo. Watu wawili wenye tepu mkononi wakisimama kwenye chumba kimoja hupatana haraka kuliko barua kumi.

Kuna fidia inayokuwa ndogo kwa sababu ya chanzo cha hasara, na hiyo ni kesi ngumu zaidi. Bima ya moto ya msingi hubeba moto, radi na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Dhoruba, mafuriko, tetemeko na bomba kupasuka huwa ni nyongeza, na kila nyongeza inalipiwa. Kwa hiyo swali la maji yametoka wapi si la udadisi. Maji yaliyoingia kwa juu baada ya upepo kufungua paa ni dhoruba. Maji yaliyopanda kutoka mtoni au barabarani ni mafuriko. Maji yanayojipenyeza ukutani mwaka baada ya mwaka ni uchakavu, na hakuna anayeyalipa. Mvua moja ya Aprili inaweza kukuletea yote matatu usiku mmoja, na mkadiria akifika siku ya nane, ukuta umeshakauka, ataandika analoliona. Waliopitia mafuriko ya Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilipojaa, wanajua alama ya tope ukutani inavyobishaniwa.

Kwa hiyo ushahidi wa chanzo uwe mkononi kabla ya barua. Picha na video za usiku uleule, hata za majirani, zitunze kwenye simu zikiwa na tarehe zake, usizipitishe WhatsApp tu ukafuta za asili. Mamlaka ya Hali ya Hewa unaweza kuiomba taarifa za mvua na upepo wa siku hiyo. Kama ni moto, ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama ni wizi, ya polisi. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia kuonyesha tukio lilitokea na nyumba ni ipi, ingawa mtendaji si mtaalamu wa paa na msimlazimishe aandike kama mtaalamu. Bati lililokunjika na kipande cha waya vihifadhi. Turubai uliyonunua kuzuia maji yasiendelee kuingia, tunza risiti yake: mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, na gharama hiyo unaweza kuidai. Kujenga upya kabla hawajarudi kuona ndiko kusikofaa.

Barua yenyewe iwe fupi. Namba ya mkataba, namba ya dai, kisha kipengele kimojakimoja: nyinyi mmeandika hivi, mimi naona hivi, ushahidi ni kiambatisho fulani. Mwisho kiasi unachodai, na tarehe unayotarajia jibu. Peleka kwa mkono, upewe nakala yenye mhuri wa mapokezi. Mazungumzo ya simu yote yafuate na ujumbe: "Kama tulivyoongea leo..." Wakala au dalali wako mpe nakala, lakini usimwachie yeye kazi, kuna madalali wapiganaji na kuna wanaosubiri tu kamisheni ya mwaka kesho. Na usiongeze chumvi hata punje. Bima imejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili, na kitu kimoja cha uongo kinaweza kuwapa sababu ya kukataa dai zima.

Wakikataa au wakinyamaza, ndipo utoke nje ya kampuni. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, inapokea malalamiko, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya mivutano kama hii. Huko utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe na walijibu nini, ndiyo maana nakala zenye mhuri zina thamani. Baada ya hao kuna mahakama. Madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, lakini mkataba wako una masharti yake ya muda wa kutoa taarifa na kuleta nyaraka, na hayo huhesabiwa kwa siku. Isome pia ibara ya usuluhishi, kama ipo, kabla ya kumlipa wakili.

Piga hesabu ya gharama vilevile. Mkadiriaji majenzi alinigharimu laki sita. Kama tofauti tunayoigombania ingekuwa milioni moja, ningesaini nikaezeke.

Yangu iliishia hivi: 13,000,000 yao, ongeza 2,450,000 za chumba cha watoto na waya, toa uchakavu uliopunguzwa hadi 1,300,000, bima pungufu ikafutwa, ekses ikabaki. Shilingi 13,650,000. Si 21,400,000 ya fundi, na fensi nimeijenga kwa hela yangu.

Jambo moja nililisahau kabisa, na lilinichelewesha majuma matatu. Nyumba ikiwa dhamana ya mkopo, mara nyingi benki imeandikwa kwenye mkataba wa bima kama mpokeaji wa kwanza. Hela ikaenda kwao. Meneja alitaka kuona mkataba na fundi, picha za hatua, na ankara, ndipo aachie awamu ya kwanza. Mtembelee kabla hujaandika barua ya kwanza, umuulize fidia ikitoka itapita wapi.