Katamarani kwenye kusi kali: punguza tanga mapema

Jamani mnaotoka na katamarani (chombo cha matumbo mawili) hapa Mombasa msimu huu wa kusi, tusikizane. Mashua ya kawaida ikizidiwa na upepo inalala upande, unajua mapema. Katamarani hailali, inazidi kukimbia tu imesimama wima, na ikipita kiwango chake inapinduka na hainuki tena, kwa hivo usingoje kuhisi, angalia mita ya upepo. Upepo ukifika noti 20 hivi (kama kilomita 37 kwa saa) tanga kubwa liwe lishapunguzwa, na upigie hesabu ile dharuba kali, si upepo wa wastani.

Mawimbi yakija toka tezi (nyuma ya chombo), mwendo ndo hatari yenyewe: ukiona omo zote mbili (pua za mbele) zaanza kuchimba wimbi la mbele, punguza tanga upesi, kisha chukua kamba ndefu nene, ncha moja ifunge tezi ya kulia na nyengine ya kushoto, uiache iburute nyuma, utaona chombo chatulia na usukani wakutii.

Maboya vaeni kabla mambo hayajachacha.

Na giza likiingia usikimbilie vijilango vyembamba vya mwamba kama Mtwapa; ingieni Kilindini, kuna taa na kina cha meli, la sivyo kaeni mbali nje mpaka kuche.