Kabla ya kumpeleka kwa daktari wa macho mtoto aliyewahi kuugua surua

Mtoto akilalamika haoni vizuri, wengi wetu huwaza miwani, na mara nyingi dawa ni hiyo miwani. Ila kama aliugua surua akiwa mdogo, hasa kabla ya kutimiza miaka 2, mwambie daktari hata asipouliza. Kwa nadra sana kirusi cha surua hubaki kimejificha na kuushambulia ubongo baadaye, kwa kawaida miaka 6 hadi 15 tangu upele ulipokauka. Ugonjwa huo huitwa SSPE, na kwa baadhi ya wagonjwa macho ndiyo hutangulia, wiki au miezi kabla ya dalili nyingine, pengine hata miaka.

Kwa hiyo tafuta kwanza kadi ya kliniki. Kama imepotea, muulize aliyemlea wakati ule: upele ulitoka akiwa na umri gani, na alishachanjwa au bado?

Kisha mtazame akisoma. Kirusi hiki hupenda kuharibu katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha), kwa hiyo mtoto anaweza kuona kingo za ukurasa huku neno analolikazia macho likifutika. Utamwona anainamisha kichwa akilitafuta kwa pembeni. Wengine macho yao ni mazima kabisa ila sehemu ya ubongo inayopokea picha imeguswa, nao hujigonga kwenye milango wanayoijua. Hapo ndipo watoto huambiwa wanajifanya, jambo linaloniuma sana. Kovu jeupe mbele ya jicho ni suala jingine: hilo hutokana na surua yenyewe na ukosefu wa vitamini A, na huonekana mapema.

Waulize walimu kama alama zimeshuka ghafla, au amekuwa mkali na msahaulifu. Akishtuka misuli, kichwa kikidondoka au kikombe kikimponyoka kila baada ya sekunde chache, mrekodi kwa simu. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Kliniki, omba achunguzwe nyuma ya jicho kwa matone ya kupanua mboni. Daktari akiwa na shaka atampeleka kwa mtaalamu wa ubongo, apimwe umeme wa ubongo na kingamwili za surua katika maji ya uti wa mgongo. Tiba ya kuuondoa ugonjwa haipo. Zipo dawa zinazopunguza kasi yake kwa baadhi ya wagonjwa na za kutuliza mishtuko. Wadogo zake ambao hawajamaliza dozi 2 za chanjo ya surua, wapeleke wiki hiyohiyo.