Namna ya Kuutuliza Mfumo wa Neva kwa Uzingativu wa Pumzi

Mama anayeuza dagaa Kibirizi, aliyechukua mkopo wa kausha damu na ambaye simu yake imeanza kuita kabla jua halijapanda, haambiwi "tulia" akatulia. Moyo unamwenda mbio, viganja vinamtoka jasho, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, na kadiri anavyojilazimisha kutulia ndivyo kifua kinavyozidi kumbana. Mwili haupokei amri ya kutulia. Kinachowezekana ni kuuandalia mazingira ya kutulia kisha kuuacha ufanye kazi yake, na mazoezi ambayo Wabudha, wafuasi wa Buddha, mwalimu wa kiroho wa India ya kale, wameyatunza kwa zaidi ya miaka 2,000 yanafundisha maandalizi hayo kwa umakini mkubwa. Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Kigoma asiye na mwalimu karibu, ambaye anaweza kujifunza akiwa nyumbani kwake.

Ni vizuri kuelewa kwanza kinachotokea ndani. Sehemu ya mfumo wa neva inayojiendesha bila kusubiri uamuzi wetu ina matawi makuu mawili. Tawi la kwanza huuandaa mwili kupambana au kukimbia: tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, mapigo ya moyo huongezeka, misuli hukaza na usagaji wa chakula hupungua. Tawi hilo si adui, kwa maana mvuvi anayekutwa na dhoruba usiku katika Ziwa Tanganyika analihitaji ili afike pwani salama. Taabu huanza pale mwili unapoipokea simu ya mdai kama unavyoipokea dhoruba, siku baada ya siku, bila nafasi ya kurudi kwenye utulivu. Kazi ya kuurudisha ni ya tawi la pili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikashuka shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo.

Kazi ya neva hiyo unaweza kuihisi mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo, kisha uvute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Watu wengi, hasa vijana, huhisi mapigo yakiongeza kasi kidogo wakati wa kuvuta na kupunguza kasi wakati wa kutoa. Pumzi ni miongoni mwa kazi chache za mwili zinazojiendesha zenyewe na bado zikakubali kuongozwa, na ndiyo maana tunaanzia hapo.

Ukiwa katikati ya mshtuko, usianze kwa kutafakari. Kaa au simama nyayo zote mbili zikiwa chini, macho yakiwa wazi, uvute pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha uitoe ukihesabu hadi 6. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20. Endelea kwa dakika 3 hadi 5. Pumzi isiwe kubwa kupita kiasi, kwa sababu kuvuta hewa nyingi kwa nguvu huleta kizunguzungu na ganzi kwenye vidole, mambo ambayo mtu mwenye wasiwasi huyatafsiri kuwa ni ugonjwa mpya. Dereva wa bodaboda aegeshe kwanza.

Mazoezi ya kila siku ni jambo tofauti, na hapa mafundisho ya Buddha yana utajiri unaostahili kuchunguzwa taratibu. Hotuba yake kuhusu uzingativu wa pumzi, yaani kuiangalia pumzi kwa makini inavyoingia na kutoka, iliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, ina hatua 16 zilizopangwa katika mafungu 4. Katika fungu la kwanza, mtu anajua kwamba anavuta pumzi ndefu au anatoa pumzi ndefu. Kisha anajua pumzi ikiwa fupi. Kisha anauhisi mwili mzima anapovuta na kutoa. Na mwisho anautuliza mwili. Tazama mpangilio huo: kutulia ni hatua ya nne, na hatua mbili za kwanza hazidai pumzi ibadilike hata kidogo. Pumzi fupi haikemewi. Inajulikana tu kuwa ni fupi. Naamini hilo ndilo linalowakwamisha wengi, kwani huketi wakiwa na shauku ya hatua ya nne, na shauku yenyewe inaendelea kuwakaza.

Hotuba hiyohiyo inataja mahali pa kukaa: msituni, chini ya mti, au kwenye nyumba tupu. Ujiji haikosi mwembe wenye kivuli, lakini hata pembe ya chumba kabla watoto hawajaamka inatosha. Aliyezoea kuswali alfajiri au kusali asubuhi ana muda tayari, na anaweza kuongeza dakika 10 baada ya ibada yake. Keti kwenye mkeka ukiwa umekunja miguu, au kwenye kiti bila kuegemea, mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Chagua mahali pamoja ambapo unaihisi pumzi kwa uwazi, iwe kwenye matundu ya pua au tumboni, ukae hapo. Anza kwa kuijua pumzi ilivyo, na baada ya dakika chache upanue usikivu wako upitie uso, taya, mabega, tumbo na miguu. Ukikuta taya limekaza, lijue hivyo kwa pumzi mbili tatu kabla ya kufanya lolote. Mara nyingi litalegea lenyewe.

Mawazo yatakuja, na kuja kwake hakumaanishi kwamba umeshindwa. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma aliyeishi kati ya 1904 na 1982, alifundisha kulitambua kila linalojitokeza kwa neno fupi la kimyakimya: "kuwaza", "kusikia", "maumivu", kisha kurudi kwenye kupanda na kushuka kwa tumbo. Njia hiyo inawafaa sana watu wenye madeni na majukumu, kwa sababu mtu habishani na wazo la deni wala halifuati.

Buddha alieleza pia kwamba mtu asiyefundishwa anapopatwa na maumivu ni kama aliyechomwa mishale miwili, wa kwanza ukiwa maumivu yenyewe na wa pili ukiwa huzuni na malalamiko anayojiongezea. Deni la yule mama wa Kibirizi ni mshale wa kwanza, na litalipwa kwa fedha, si kwa pumzi. Usiku wa kukesha akijiambia kwamba amewaaibisha wanawe ni mshale wa pili, na huo ndio tunaoushughulikia.

Mvuvi anayerejea asubuhi baada ya usiku mzima ziwani asijilazimishe kuketi, kwani atasinzia. Alale chali, apitishe usikivu kutoka vidole vya miguu hadi utosini, na usingizi ukimchukua, auache umchukue.

Hakuna hatua yoyote hapa inayomtaka Muislamu au Mkristo kubadili imani yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo, ambayo sasa huchukua wiki 8, katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akiwafundisha wagonjwa mazoezi yenye asili hii bila ibada yoyote ya Kibudha. Wiki 8 ni kipimo kizuri hata kwako.

Hata hivyo, mkoa huu umepokea watu waliokimbia vita kwa miongo mingi, na kwa mtu mwenye majeraha ya namna hiyo, kufumba macho na kutazama ndani kunaweza kuamsha kumbukumbu kali. Huyo afanye mazoezi macho yakiwa wazi, atembee taratibu akihisi nyayo zikigusa ardhi, na aache mara moja hofu inapopanda. Maumivu ya kifua, kukosa usingizi kwa wiki kadhaa au mawazo ya kujidhuru ni mambo ya kupelekwa hospitali, na anayetumia dawa aendelee nazo kama alivyoelekezwa na daktari.