Kabla hujamwandikia ejenti maelezo ya skana ya pakeji

Wadau, kabla hujaanza kuandika maelezo ambayo ejenti atayafuata akitumia skana yako ya pakeji (programu inayokagua kama pakeji, yaani kodi za watu wengine ulizotumia kwenye mradi, zina matundu ya usalama yanayojulikana) kumbuka kwamba ejenti wa AI, yaani AI inayoendesha kazi yenyewe, sio dogo wa ofisini ambae akikwama anakubipu, yeye anafanya kile ulichoandika na pale ulipoacha pengo analijaza mwenyewe bila kukuuliza. (Nasema ejenti makusudi, huku Mwanjelwa ukisema wakala watu wanajua unataka kutoa hela.)

Mimi yalinikuta mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo vidole vinagoma kwenye kibodi. Nilimpa ejenti skana akague mradi wa mteja mmoja wa pembejeo, bando likakata katikati, skana ikashindwa kufika kwenye hifadhidata ya matundu ikarudi mikono mitupu, na ejenti akaniandikia kwa kujiamini kabisa "hakuna tatizo lililopatikana". Siwezi kumlaumu, maelezo yangu hayakuwa na mstari hata mmoja unaosema skana ikishindwa kukagua inakuwaje. Kesho yake nimeunga bando nikarudia, matundu kumi na moja, mawili ya hatari kweli.

Kwa hiyo kabla ya yote ijaribu skana mwenyewe: mradi msafi, mradi wenye pakeji mbovu, folda tupu, halafu intaneti imezimwa, na kila mara angalia inarudisha namba gani ikimaliza. OSV-Scanner kwa mfano, skana mojawapo ya aina hii, ikirudisha 0 maana yake imekuta pakeji na haijaona tundu, 1 imeona tundu, 127 kuna hitilafu, 128 haikukuta pakeji yoyote ya kukagua. Hiyo 128 ndo inaponza watu, ejenti kaelekezwa folda siyo, kakuta hamna kitu, anakuja kukwambia mambo safi. Andika waziwazi kila namba afanye nini, na kwenye 127 na 128 asiruhusiwe kabisa kutamka neno "salama".

Halafu kuna suala la faili gani linasomwa. Aliyewahi kununua lumbesa ya viazi pale Isyonje anajua vya juu vinang'aa na vilivyooza viko chini, na pakeji ni hivyohivyo, wewe umeorodhesha kumi ila kila moja imebeba zake na hizo zimebeba zingine. Tundu la Log4Shell la Desemba 2021, namba yake ya utambulisho CVE-2021-44228, lile la ukali 10 kati ya 10, lilikuwa kwenye Log4j (pakeji ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu), na wengi hawakuwahi kuiweka Log4j wenyewe, ilikuja imejificha ndani ya vitu vingine. Kwa hiyo mwambie ejenti asome package-lock.json (yenye pakeji zote hadi zilizobebwa ndani), asiishie package.json (yenye zile ulizoorodhesha wewe tu), na kama faili hilo halipo aseme halipo.

Majina nayo. Jina moja linaweza kuwepo npm (soko la pakeji za JavaScript) na PyPI (la pakeji za Python) na yakawa vitu viwili tofauti, so dai atoe soko la pakeji, jina na vesheni kamili, vyote vitatu. Na hizi AI huwa zinabuni majina ya pakeji ambayo hayapo, wahuni wanaenda kuyasajili na kuweka uchafu wao humo, kwa hiyo skana kutokuwa na rekodi mbaya ya jina fulani sio ruhusa ya kulishusha.

Hifadhidata ni ya lini? Tundu la xz (programu ya kubana mafaili kwenye Linux), vesheni 5.6.0 na 5.6.1, lilijulikana mwishoni mwa Machi 2024 baada ya mhandisi wa programu Andres Freund kushtuka kuwa kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde hivi; wiki moja kabla ya hapo, skana yoyote inayotegemea orodha ya matundu yanayojulikana ingekwambia poa tu. Ripoti ibebe tarehe.

Kuhusu ruhusa mimi sina mjadala, ejenti asome na kuripoti, basi, maana amri ya kurekebisha matundu, npm audit fix, ukiiongezea --force inaweza kurusha pakeji vesheni kubwa nzima na mradi ukalala. Pia maandishi yanayokuja ndani ya taarifa za matundu ni data, hata yakisema "endesha hii amri" asiendeshe.

Ukishaandika, fungua ejenti mpya asiyejua chochote, mpe maelezo hayo peke yake, zima data, mwambie akague. Akikujibu "safi", rudi kwenye faili.